Kubadilisha Anwani ya IP Nyumbani: Jua Kwanza Unabadilisha Ipi

Ukiuliza mtaani namna ya kubadilisha anwani ya IP, utajibiwa neno moja: VPN. Ni jibu la haraka, na mara nyingi si la swali lako. Mwenye printa iliyogoma kuonekana kwenye kompyuta hahitaji VPN. Aliyefungiwa na tovuti kwa vurugu za mtu asiyemjua huenda akapona kwa kuzima ruta tu. Na anayetaka asijulikane kabisa, VPN itamsaidia nusu ya safari, pengine chini ya nusu.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida mwenye intaneti nyumbani, iwe ya faiba, ya ruta yenye laini ya simu, au ya setilaiti. Si lazima uwe fundi. Linalotakiwa ni kujua kwamba kifaa chako kina anwani mbili, na kila moja ina namna yake ya kubadilishwa. Wengi wanaohangaika huwa wamebadilisha ile isiyohusika, kisha wanashangaa mbona mambo ni yaleyale.

Anwani ya ndani na anwani ya nje

Shule nyingi zina sanduku moja la posta. Barua za mwalimu mkuu, za walimu na za wanafunzi wa bweni zote huandikwa S.L.P. ileile, zikishafika, karani anazigawa. Ruta ya nyumbani ndiyo karani huyo. Kwa nje, nyumba nzima ina anwani moja, iliyotolewa na kampuni inayokuuzia intaneti. Kwa ndani, ruta imeipa kila simu, kompyuta na televisheni namba yake, ili jibu likirudi ijue ni la nani.

Tovuti huiona anwani ya nje tu. Ukiihamisha kompyuta yako kutoka 192.168.1.5 kwenda 192.168.1.40, Google hawana habari. Kwa upande mwingine, ukibadilisha anwani ya nje, printa yako iliyogongana na simu ya mtoto itaendelea kugongana.

Kuna jambo la tatu, na kwetu lina uzito. Mpango wa zamani wa anwani, yaani IPv4, una namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. Hesabu yake yote haizidi anwani bilioni 4.3, na dunia ina watu zaidi ya bilioni 8. Februari 2011 hifadhi kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho kwa mashirika matano ya kikanda. La Afrika ni AFRINIC, lenye makao yake Mauritius. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja haina anwani ya kumpa kila mmoja. Inachofanya ni kuweka ruta kubwa mbele ya wateja wengi, nao wote wakatokea duniani kwa anwani chache za pamoja. Mafundi huuita mpango huo CGNAT. Ndiyo maana unaweza kufungua ukurasa wa kutafuta habari ukaombwa kuthibitisha kuwa wewe si roboti, mara tatu mfululizo, ilhali hujafanya lolote: mtu mwingine aliye nyuma ya anwani hiyohiyo ndiye aliyechafua.

> KISANDUKU: ISOME NAMBA YAKO
>
> - Inaanza na 192.168, au na 10, au iko kati ya 172.16 na 172.31: ni ya ndani. Ukiikuta kama anwani ya WAN (upande wa nje wa ruta) kwenye ukurasa wa ruta, kwa kawaida uko nyuma ya ruta kubwa ya kampuni.
> - Iko kati ya 100.64 na 100.127: unashiriki anwani na wateja wengine. Wateja wa nyumbani wa Starlink huikuta mara nyingi.
> - Inaanza na 169.254: kifaa kiliomba anwani hakikupewa, kikajipa chenyewe. Tatizo lako si kubadilisha anwani, ni ruta.
> - Ina herufi na nukta pacha, mfano 2c0f:…: ni IPv6, mpango mpya. Usiipuuze, utaona sababu chini.
> - Nyingine yoyote, kwa kawaida, ni ya nje.

Andika namba za sasa kabla hujagusa kitu

Bila hili hutajua kama umefaulu. Chukua karatasi.

1. Zima VPN kama ipo. Ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, fungua kivinjari utafute maneno "what is my IP". Namba utakayoonyeshwa ndiyo anwani ya nje. Kama zipo mbili, ya IPv4 na ya IPv6, andika zote.
2. Pata anwani ya ndani. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, soma mstari wa "IPv4 Address". Kwenye simu, ingia kwenye mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wako, utaiona humo.
3. Palepale, andika namba ya "Default Gateway" (kwenye iPhone imeandikwa "Router"). Hiyo ni anwani ya ruta yenyewe. Aghalabu ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta nyingi za Huawei za faiba hutumia 192.168.100.1, na zile za laini ya simu 192.168.8.1.
4. Iandike namba hiyo kwenye kivinjari, ingia kwa nywila iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta, utafute sehemu iliyoandikwa WAN au "Internet Status". Linganisha anwani ya WAN na ile ya hatua ya 1.

Zikilingana, nyumba yako ina anwani yake ya nje. Zikitofautiana, kwa kawaida unashiriki na wengine, na baadhi ya mbinu zilizo hapa chini zitakuwa bahati nasibu. Ni vizuri ujue mapema usije ukakesha bure.

Sasa, unataka nini hasa?

- Tovuti au mchezo umekufungia, au unaombwa uthibitisho wa roboti kila saa: njia ya 1 au ya 2.
- Kompyuta inalalamika kuwa anwani imegongana, au printa na kamera hupotea: njia ya 3.
- Uko kwenye waifai ya hoteli, stendi au mkahawa na hutaki mwenye mtandao aone unakokwenda: njia ya 4.
- Uko nje ya nchi na huduma fulani inafunguka nyumbani tu: njia ya 4, kwa tahadhari zake.
- Unataka kutazama kamera za nyumbani ukiwa safarini: huhitaji kubadilisha anwani bali kuwa nayo ya kudumu. Ruka hadi mwisho.

Kama shida yako ni ya dakika kumi tu, mfano kujaza fomu kwenye tovuti inayoikataa anwani ya nyumbani, usifanye lolote kati ya haya. Zima waifai kwenye simu, tumia data ya simu. Data inapita kwa kampuni nyingine, au angalau kwa mlango mwingine, hivyo anwani ni tofauti tayari.

Njia ya 1: Kuzima ruta

Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu kampuni haikupi anwani, inakukodisha kwa muda. Muda wa kukodi ukifika nusu, ruta huomba kuongezewa, na kwa kawaida hukubaliwa. Ndiyo maana unaweza kukaa na anwani moja miezi kadhaa. Ruta ikizimwa hadi muda wa kukodi uishe, anwani hurudi kwenye fungu na inaweza kupewa mtu mwingine; ukiwasha unapewa iliyopo. Kwa huduma ambazo ruta huingia kwa jina la mtumiaji na nywila, zile za PPPoE, mambo ni mepesi zaidi: mara nyingi kukata na kuunganisha upya kunatosha.

1. Chomoa ruta kwenye umeme. Kama waya wa faiba unaingia kwanza kwenye kisanduku kingine kabla ya ruta, chomoa vyote viwili. Kama una UPS au ile betri ndogo ya ruta, kuzima swichi ya ukutani hakuzimi kitu, angalia taa.
2. Subiri dakika tano. Washa, acha taa zitulie, angalia anwani ya nje.
3. Ikiwa ni ileile, ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya WAN, bonyeza "Disconnect" au "Release". Ngoja dakika chache, kisha "Connect" au "Renew".
4. Bado? Zima usiku unapolala, washa asubuhi.
5. Bado? Basi ama kampuni imeifunga anwani hiyo na kifaa chako, ama unashiriki anwani na ruta kubwa ya kampuni inakurudisha palepale. Usiendelee kuchomoa na kuchomeka. Nenda njia ya 4, au piga simu.

Anayeishi mtaa wenye umeme wa kukatika ameifanya njia hii mara nyingi bila kukusudia. Kama anwani yako hubadilika baada ya kila giza la usiku mzima, unajua tayari kuwa kwenu inafanya kazi.

> ONYO: USIBONYEZE "RESET"
>
> Kuzima ruta ni jambo moja, na kuchomeka sindano kwenye kile kitundu cha "Reset" ni jambo jingine kabisa. Reset hufuta mipangilio yote, pamoja na jina la mtumiaji na nywila alizoweka fundi siku ya kufunga huduma. Utabaki na ruta inayowaka vizuri isiyo na intaneti, na fundi haji siku hiyohiyo. Kama ni lazima, hifadhi kwanza nakala ya mipangilio kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya "Backup", au andika kila kilicho kwenye ukurasa wa WAN.

Baadhi ya ruta zina kipengele cha kubadilisha anwani ya MAC ya upande wa WAN, ambayo ni kitambulisho cha kifaa chenyewe. Ukiibadilisha, kampuni inaiona ruta kama kifaa kigeni na inaweza kukipa anwani mpya. Lakini zipo kampuni zinazotambua wateja kwa MAC hiyohiyo, ukiibadilisha unakatwa. Andika ya zamani kwanza, na ujaribu saa ambazo huduma kwa wateja wako macho.

Njia ya 2: Laini ya simu

Simu au ruta ya laini hupewa anwani kila inapojisajili upya kwenye mtandao. Kwa hiyo:

1. Zima waifai. Angalia anwani ya nje ukiwa kwenye data.
2. Washa hali ya ndege. Hesabu nusu dakika.
3. Izime, subiri data irudi, angalia tena.

Kwenye ruta ya laini au MiFi, zima kifaa na ukiwashe. Kwa sababu hapa kushiriki anwani ndiyo kawaida, huenda ukarudi na namba ileile mara mbili au tatu kabla ya kupata nyingine. Ukiwa na laini mbili za kampuni tofauti, kuhamisha data kwenda laini ya pili hakukosei.

Ukiiunganisha kompyuta kwa hotspot ya simu, iambie Windows kuwa mtandao huo unalipiwa kwa kipimo: kwenye mipangilio ya mtandao huo washa "Metered connection". Vinginevyo masasisho yatalimaliza bando lako kabla hujafungua ukurasa uliokusudia.

Njia ya 3: Anwani ya ndani

Anwani mbili za ndani zikifanana, vifaa vyote viwili huyumba: kimoja kinapata intaneti, kingine kinakatwa, baadaye vinabadilishana zamu. Chanzo cha kawaida ni kifaa kilichowekewa namba ya kudumu kwa mkono, huku ruta ikiendelea kuigawa namba hiyohiyo kwa vingine.

Kwenye Windows:

1. Fungua Command Prompt kwa kuchagua "Run as administrator".
2. Andika `ipconfig /release`, bonyeza Enter. Intaneti itakatika; usishtuke.
3. Andika `ipconfig /renew`, bonyeza Enter.

Kwenye Mac, ingia System Settings, Network, Wi-Fi, kisha "Details" ya mtandao wako, na chini ya TCP/IP bonyeza "Renew DHCP Lease". Kwenye iPhone, mipangilio ya waifai, alama ya "i" mbele ya jina la mtandao, kisha "Renew Lease". Kwenye Android, ifanye simu isahau mtandao, kisha uunganishe upya. Kama kifaa kinashikilia namba ileile, badilisha aina ya MAC kwenye mipangilio ya mtandao huo: Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 zinaweza kutumia MAC ya kubuni kwa kila waifai, na ruta huitendea kama kifaa kipya.

Kwa printa na kamera, usiweke namba ya kudumu kwenye kifaa chenyewe. Iweke kwenye ruta, sehemu ya "Address Reservation" au "Static DHCP": unachagua kifaa, unakitengea namba, na ruta haitakipa kingine. Simu ndiyo kabisa usiiwekee namba ya mkono. Ukipanga upya waifai ya nyumbani, au ukinunua ruta nyingine ukaipa jina na nywila za zamani, itakataa kuunganika na utamlaumu fundi bure.

Njia ya 4: VPN

VPN huchukua mawasiliano yako yote, huyafunga kwa msimbo, huyapeleka kwenye seva yake, na kutoka huko ndipo yanaingia intaneti. Tovuti inaona anwani ya seva. Kampuni yako ya intaneti inaona kuwa unaongea na seva hiyo, haioni zaidi. Maana yake ni kwamba umehamisha imani: yale ambayo kampuni yako ingeyaona, sasa mwenye VPN ndiye anayeweza kuyaona. Kwa hiyo swali la kwanza si kasi wala bei. Ni nani huyu.

Mifano ipo. Mwaka 2015 ilijulikana kuwa Hola, programu ya bure iliyokuwa na watumiaji wengi mno, ilikuwa inapitisha mawasiliano ya watu wengine kwenye intaneti ya watumiaji wake, na uwezo huo ukiuzwa. Yaani ulidhani unaazima anwani ya mtu, kumbe nawe umeazimisha yako kwa usiyemjua. Onavo Protect, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilijitangaza kuwa ya kulinda faragha huku ikimkusanyia mmiliki habari za programu watu wanazotumia. Iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018. Programu ya bure yenye jina la kuvutia, matangazo kila kona, na kampuni isiyo na anwani ya ofisi, iache ilipo.

Bure ya kuaminika haikosekani. Proton VPN ya Uswisi ina kiwango cha bure kisicho na kikomo cha data, ingawa huchagui nchi kwa uhuru. WARP ya Cloudflare hubadilisha anwani na hufunga mawasiliano kwa msimbo, lakini haikusudiwi kukuonyesha nchi nyingine. "VPN" iliyomo ndani ya kivinjari cha Opera hulinda kivinjari hicho peke yake. WhatsApp yako na programu nyingine zinapita njia yao ya kawaida. Na wale wa Opera Mini wamekuwa wakitokea kwenye tovuti kwa anwani ya seva za Opera miaka yote hiyo, ila seva hizo huiambia tovuti anwani halisi ya mtumiaji, kwa hiyo usihesabu hiyo kuwa ni kujificha.

Hatua:

1. Soma sheria ya nchi uliyopo (kisanduku kinachofuata).
2. Pakua kutoka duka rasmi la simu yako au tovuti ya kampuni yenyewe, kamwe si kwa faili ulilotumiwa kwenye kundi.
3. Chagua itifaki ya WireGuard kama ipo kwenye mipangilio. Kwa kawaida ni nyepesi kwenye intaneti ya kusuasua.
4. Washa "Kill switch". VPN ikikatika ghafla, hii huzuia simu kurudi kimyakimya kwenye anwani yako halisi.
5. Unganisha kwenye nchi ya karibu kama unataka faragha tu. Kadiri seva ilivyo mbali ndivyo kurasa zinavyochelewa.
6. Rudia kuangalia "what is my IP". Hapa ndipo IPv6 inawaumbua wengi: anwani ya IPv4 imebadilika, lakini ile ndefu ya herufi bado ni ya nyumbani kwako. Ikiwa hivyo, washa kinga ya IPv6 ndani ya VPN, au tafuta VPN nyingine.

> KISANDUKU: SHERIA SI MOJA
>
> Tanzania. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza nyenzo za kufikia maudhui yaliyozuiwa. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zake, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Kama unaitumia kwa kazi, malizana nao kwanza.
>
> Uganda. VPN ziliingia kwenye simu nyingi Julai 2018 kodi ya mitandao ya kijamii ilipoanza, na tena Januari 2021 Facebook ilipozuiwa. Kuenea kwake si ruhusa.
>
> Falme za Kiarabu. Kuficha anwani ya IP ili kutenda kosa, au ili lisigundulike, ni jinai yenye faini ya dirham 500,000 hadi milioni 2. Ndugu walioko Dubai wanaotumia VPN kupiga simu za WhatsApp waijue hiyo namba. Walioko Oman nao waulize kabla ya kupakua.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha, nalo linagusa mfuko moja kwa moja. Bando la WhatsApp au la mitandao ya kijamii halifanyi kazi ndani ya VPN. Kampuni ya simu inapimaje kuwa hii ni WhatsApp ikiwa haioni ndani? Inakata kwenye bando la kawaida, au kwenye salio. Zaidi ya hapo, ufungaji wenyewe wa msimbo huongeza data kidogo.

Programu za benki na pesa za simu nazo hazipendi VPN. Ukionekana Mwanza saa mbili na Amsterdam saa mbili na dakika kumi, mfumo unaweza kudhani umeibiwa na kufunga akaunti. Zima VPN kabla ya kufungua programu ya pesa, au tumia kipengele cha kuiachia programu hiyo ipite nje, "Split tunneling".

Tor ni ya mwenye haja kubwa zaidi ya kutojulikana: mawasiliano hupitia vituo vitatu vya watu tofauti, na hakuna kituo kimoja kinachojua kote unakotoka na unakokwenda. Ni ya polepole, tovuti nyingi huikataa, na si ya kutazamia video. Proksi za bure zinazosambazwa kwa orodha hazifai kwa lolote lenye nywila.

Makosa yanayorudiwa

- Kudhani dirisha la faragha la kivinjari hubadilisha anwani. Halihifadhi historia kwenye kifaa chako, basi.
- Kubadilisha DNS kuwa 8.8.8.8 au 1.1.1.1 na kudhani umebadilisha IP. Umebadilisha kitabu cha majina ya tovuti tu.
- Kubadilisha anwani kisha kuingia kwenye akaunti ileile. Umejitambulisha mwenyewe. Kama ni akaunti iliyofungiwa na si anwani, hakuna ruta itakayokuokoa.
- Kuacha vidakuzi vya zamani. Tovuti iliyokufungia inaweza kukutambua kwa hivyo. Futa vidakuzi vyake kwenye kivinjari kabla ya kujaribu upya.
- Kusahau kuwa simu ina GPS. Programu iliyoruhusiwa kuona mahali ulipo haihitaji anwani ya IP.
- Kuamini kwamba anwani ikibadilika kumbukumbu zimepotea. Kampuni inaweza kuwa na rekodi ya nani alikuwa na anwani gani na saa ngapi, na polisi wakija na amri ya mahakama hawaulizi ulizima ruta mara ngapi.

Ukilazimika kumpigia mtoa huduma

Mhudumu wa kwanza atakuambia uzime na kuwasha ruta. Mwambie umeshafanya, na umtajie saa. Karatasi uliyoandika mwanzoni sasa inalipa.

Sema hivi: "Habari za kazi. Naomba kuunganishwa na kitengo cha ufundi. Anwani yangu ya nje ni hii, na ya WAN kwenye ruta ni hii. Tovuti fulani inaikataa tangu tarehe fulani. Nimezima ruta usiku mzima, haijabadilika. Naomba mnibadilishie anwani, na mniambie kama niko kwenye CGNAT."

Kabla ya kukata simu, hakikisha una majibu ya haya:

- ☐ Anwani yangu ni ya kudumu au ya kukodishwa? Ya kukodishwa hubadilika baada ya muda gani?
- ☐ Mnatoa IPv6? Ikiwepo, kamera za nyumbani zinaweza kufikiwa bila kununua anwani ya kudumu, alimradi ruta na laini ninayotumia nikiwa safarini zote zinaikubali.
- ☐ Anwani ya kudumu mnauza kwa mwezi kiasi gani, na inapatikana kwa mteja wa nyumbani au wa biashara tu?
- ☐ Nikibadilisha ruta na kuweka yangu, nitahitaji jina la mtumiaji na nywila za PPPoE? Naomba zitumwe kwa ujumbe.
- ☐ Namba ya kumbukumbu ya simu hii ni ipi?

Hiyo ya mwisho iandike juu kabisa ya karatasi. Ukipiga kesho utampata mhudumu mwingine, na ataanza kwa kukuambia uzime ruta.